Mfumo Mpya, Zamu Mpya

Mwaka ule masika yalipita jina tu, na vuli ikaja na upepo bila mvua. Mito ikabaki mchanga. Katika nchi nzima ya wanyama kikasalia kisima kimoja, chenye pampu ya sola na kijumba cha bati, na ndani ya kijumba kompyuta moja iliyokuwa ikifungua bomba kwa zamu. Mgawaji wa riziki ni Mwenyezi Mungu. Kompyuta ilishika orodha tu.

Orodha ilikuwa na majina saba, kila jina na siku yake. Simba wa kwanza kwa kuwa ni mfalme, Sungura wa pili kwa kuwa ndiye fundi wa kompyuta, kisha Nyati, Twiga, Swala, Kobe, na mwisho kabisa Fisi. Fisi hakuwekwa mwisho kwa kuonewa. Mwaka uliotangulia bomba la kisima lilikutwa limetafunwa, na alama za meno zilijulikana ni za nani. Yeye akaapa kwamba ni mchwa.

Kungoja siku saba Fisi angeweza. Taabu ilikuwa kwamba siku ya saba haikufika.

Mambo yalianza hivi. Ukame ulipoingia, Sungura alimwendea Simba akainama mpaka masikio yakagusa vumbi.

"Mfalme, kompyuta yetu inaendeshwa na mfumo uitwao Linux. Mfumo sharti usasishwe, yaani upewe sehemu mpya, la sivyo unazeeka. Kule Bonde la Ng'ambo wanasasisha kila mara. Nasikia wanatucheka."

"Wanamcheka nani?"

"Sikutaka kutaja jina, mfalme."

Simba akanguruma. Pale pale ikapita sheria, kwa maneno aliyoyatunga Sungura mwenyewe: mfumo mpya, zamu mpya. Kila likifanyika sasisho kubwa, orodha inaanza tena kutoka juu. Na neno ambalo mfalme amelingurumia halirudi.

Sasisho kubwa la kwanza likafanywa baada ya mwezi. La pili baada ya majuma mawili. Kisha yakawa kila siku ya sita. Siku hiyo bomba la nje hufungwa, Sungura hujifungia kijumbani peke yake kutwa nzima, na alasiri hutoka masharubu yamelowa.

"Jasho la kazi," husema.

Kwenye kioo cha kompyuta hukutwa picha mpya ya Simba, na Simba huitazama kwa muda mrefu. Kesho yake orodha huanza: Simba, Sungura, Nyati, Twiga, Swala. Halafu sasisho. Nyati na Twiga na Swala hawakuwa na neno, maana walikuwa wakinywa. Kobe aliishi kwa umande, kama alivyozoea. Fisi ndiye aliyebaki kunyonya mizizi, ulimi umekauka kama kipande cha kandambili, naye alijua kwamba mizunguko miwili zaidi ya namna hiyo itamtoa duniani.

Asubuhi moja ya siku ya sita alifika kisimani akamkuta Sungura anavuta mlango.

"Bwana Fundi, sasisho kubwa si lilifanyika juma lililopita?"

"Lile lilikuwa la juma lililopita, shemeji."

"Na hili?"

"Hili ni la juma hili. Gigabaiti mbili."

Fisi akameza mate ambayo hakuwa nayo. "Zina mifupa?"

"Zina usalama. Nenda kapumzike. Utapata zamu yako mfumo ukitulia."

"Utatulia lini?"

"Baada ya sasisho lijalo."

Mlango ukafungwa. Fisi akasogeza sikio kwenye bati. Akasikia maji yakitiririka, kisha kimya, kisha mtu akibeua. Akamkimbilia Swala aliyekuwa akipita njiani, akamweleza alichosikia.

"Wewe?" alisema Swala. "Wewe wa mchwa?" Akaenda zake.

Neno hilo lilimchoma Fisi, kwa sababu lilikuwa la haki. Akashuka na njia ya bondeni, akamkuta Kobe anapanda polepole kuelekea kisimani. Kobe ndiye aliyekuwa fundi zamani, kabla ya wanyama kumwondoa kwa kusema ni mzito.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Masasisho, mzee. Kila siku ya sita tunapewa kubwa."

Kobe akasimama, ingawa tofauti haikuonekana sana. "Kila siku ya sita? Nani kakudanganya? Sikiliza, mwanangu. Hizi Linux ni ukoo mkubwa, na kila nyumba ina desturi yake. Ipo nyumba inayotoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, kama mvua zilivyokuwa zikija. Ipo inayotoa mara moja kwa miaka miwili. Nyingine haina toleo kubwa kabisa. Hutoa kidogo kidogo kila siku, bila kusimama."

"Iliyo bora ni ipi?"

"Inategemea una nafasi kiasi gani ya kutengeneza kitakachoharibika. Hii ya kisimani niliichagua mimi, ni ya miaka miwili. Katikati hutiwa viraka vidogo, na viraka havifungi bomba wala mlango. Kisima si mahali pa kujaribia mambo. Sasisho lake kubwa bado siku nane, ndilo ninalolifuata."

"Basi nikawaambie!"

"Watakuamini?"

Fisi akatazama chini.

"Basi usiwaambie wewe," alisema Kobe. "Mashine huandika kila inachotendewa. Haisengenyi mtu, lakini ikiulizwa haifichi. Atakayekuwa mbele yake aandike neno 'historia', abonyeze."

Kesho yake ilikuwa siku ya Simba kunywa, na wanyama wote walikuwa wamekuja kumshangilia kama ilivyo ada. Fisi akapenya katikati yao, akapiga magoti.

"Mfalme, kabla ya yote nakiri kosa. Bomba lile nililitafuna mimi. Mchwa niliwasingizia. Naomba radhi kwa Mungu, na kwenu."

"Hilo tunalijua siku zote," alisema Nyati.

"Mlikuwa mnalijua. Sasa nimelisema." Fisi akavuta pumzi. Kobe alikuwa amemfundisha aombe mashine iulizwe, ila ombi lilipopita kinywani mwa Fisi likatoka kwa sura ya Fisi. "La pili, nadai fungu langu. Tangu ukame uanze yametoka masasisho makubwa tisa, na mimi sijaonja hata moja. Nayataka yote tisa!"

Wanyama wakacheka hata Twiga akashika mti. Simba mwenyewe akafuta machozi. "Sungura, mwonyeshe hayo tisa, mlafi huyu aone kama yanalika."

"Mfalme," alisema Sungura, "mashine imechoka na kazi ya jana."

"Kuonyesha tu kunaichosha?"

"Ni mashine yenye haya."

Lakini Twiga alikuwa ameshapitisha shingo dirishani. "Niandike nini?"

"Historia," alisema Fisi.

Twiga akabonyeza herufi kwa mdomo, moja moja, kisha akasoma kwa sauti. "Picha ya ukutani imebadilishwa: mfalme ameketi. Picha ya ukutani imebadilishwa: mfalme amesimama. Picha ya ukutani imebadilishwa: mfalme akionekana ubavu. Picha ya ukutani imebadilishwa: mfalme akipiga miayo."

"Hiyo ya miayo ilipigwa lini?" aliuliza Simba.

"Ziko tisa," aliendelea Twiga, "na zote ni picha tu za kioo hiki. Sasisho kubwa la mwisho ni hili hapa chini: miaka miwili iliyopita, kasoro siku saba. Fundi: Kobe."

Macho yote yakamgeukia Sungura. "Mfalme," alisema Sungura, "kusasishwa ni hali ya moyo."

Simba hakunguruma. Alizungumza kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyowaogopesha. "Mfalme hanywi kwa zamu ya uongo. Leo atakunywa Fisi. Kesho orodha inaanza, na jina la Sungura linashuka chini ya la Fisi."

Fisi akanywa mpaka akaanguka kifudifudi, akainuka, akanywa tena. Toba yake ilikuwa ya bomba, tumboni haikufika.

Siku zikahesabiwa kwa utaratibu. Simba akanywa, Nyati akanywa, Twiga, Swala. Zamu ya Kobe ikampita akiwa bado njiani, naye hakulalamika. Fisi akanywa ya kwake. Asubuhi ya siku ya saba Sungura akafika mapema, midomo imepasuka, kata mkononi. Alipokuwa anainyoosha kuelekea bombani, Kobe akatokea kwenye kona ya kijumba, vumbi mgongoni.

"Salamu zenu," alisema Kobe. "Miaka miwili imetimia leo. Nimekuja kufanya sasisho kubwa."

Sungura akaiangusha kata. "Mzee wangu! Fanya kesho. Siku moja tu, baba, nakusihi!"

"Mimi sina neno. Ila kuna sheria, nasikia."

"Mfumo mpya, zamu mpya," alisema Nyati.

"Mfumo mpya, zamu mpya," alisema Swala.

Sungura akamtazama Simba. Simba akatazama mbali, kama atazamavyo mwenye neno lisilorudi. Fisi alimwonea Sungura huruma kwa kitambo kidogo, akafikiria kumwambia pole, kisha akakumbuka kwamba sasa kuna jina chini ya lake, akanyamaza.

Kobe akafanya kazi kutwa nzima, mlango wazi, kila mtu akiona, wala hakugusa maji. Kesho yake orodha ikaanza kutoka juu, kwa Simba. Sungura akashuka bondeni kutafuta mizizi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.