Mahindi ya Ghala la Nyuma

Hapo zamani za kale, na wewe unayesinzia pale fumbua macho, wanyama walilima mahindi kama sisi, wakapukuchua kama sisi, na wakahangaishwa na fukusi, wadudu watoboa punje, kama sisi.

Kwenye kilima kimoja kando ya mto mpana aliishi Bi Sange. Sange mnamjua? Ni kijinyama kidogo kama panya, lakini pua yake! Ndefu, laini, haitulii hata mwenyewe akiwa amelala. Wenzake walimtania kwamba pua yake hufika sokoni kabla yake. Yeye alicheka tu, akaendelea kupalilia.

Mwaka ule alipata magunia mawili. Aliyaanika mahindi yake mpaka yakalia kacha! kacha! chini ya jino, akayachanganya na majivu makavu kuzuia fukusi. Alitaka kuyauza ng'ambo ya mto, maana shimo aliloishi chini ya kilima lilijaa maji kila masika, na alichoka kuwaona wanawe wakilala wamesimama. Akiuza, wanahamia juu kwenye mawe. Asipouza, ni maji tena.

Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa Bwana Korongo. Yeye alichoma kila gunia kwa mdomo wake mrefu, akachukua punje zikapimwe kwao. Wakikuta sumu katika gunia moja tu, kilima kizima hakiuzi tena. Kilima cha jirani kilifungiwa hivyohivyo, na mahindi yao yakaozea ghalani, ya wenye makosa na ya wasio na makosa.

Basi siku ya kupanga shehena uwanjani, Bi Sange akapita karibu na magunia ya Bwana Nyati.

"Chyaa! Chyaa!" Machozi yakamtoka. "Bwana Nyati, umetia nini humu?"

"Dawa."

"Dawa gani inayochoma hivi?"

"Ya pamba. Makopo yalibaki, niyatupe?"

"Ya pamba! Bwana we, hiyo si ya chakula!"

"Dawa ni dawa!" Nyati akakoroma. "Inayoua funza wa pamba itashindwa na fukusi? Nenda zako na vijivu vyako."

Bi Sange akakimbia kwa Tembo, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima.

"Una ushahidi?" Tembo akauliza.

"Pua yangu, Mwenyekiti."

"Pua! Nisimame mbele ya watu nimshtaki Nyati kwa sababu ya pua?" Hayo anayasema Tembo, jamani, ambaye yake inaburuzika chini! "Halafu bila magunia ya Nyati shehena haijai. Tulia, Bi Sange. Ng'ambo watajuaje?"

Bi Sange aliondoka na uchungu moyoni. Alitaka kulia, akaona kulia hakutamhamisha shimoni. Akakata njia nyuma ya nyumba ya Nyati, na hapo akaona ghala dogo. Akanusa. Hakuna kitu. Akanusa tena. Mahindi matupu, matamu!

Mke wa Nyati, Mama Ndama, alikuwa anachota kwa ungo.

"Haya ndiyo ya kula, dada," akasema. "Baba Ndama hataki tuguse yale ya soko, hata punje. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia ya soko ni ya soko."

"Ehee," akasema Bi Sange. Pua ikaanza kucheza, na mwenye pua akaanza kutabasamu.

Kesho yake wote walikuwa uwanjani wakimsubiri Korongo. Ghafla Bi Sange akaja mbio, tifu tifu tifu, vumbi nyuma yake.

"Bwana Nyati! Usihangaike, nimeshamsaidia mkeo!"

"Umemsaidia nini?"

"Mahindi ya kula yalimwishia, watoto wanalia njaa. Nikamchotea debe kutoka kwenye magunia yako haya haya. Makande yameiva, wanapakuliwa sasa hivi!"

Nyati akaganda. Macho yakamtoka pima.

"Unasema?"

"Makande, bwana. Yananukia hayo!"

Lo! Nyati alitoka pale gidi gidi gidi, akavunja ua wa kwanza, akavunja na wa pili. Wanyama wote nyuma yake wasijue kuna nini. Akaingia jikoni kwa pembe. Puu! Chungu chini, makande chwaa, watoto wakapiga mayowe.

"Temeni! Temeni wote! Ndama, fungua kinywa! Yana sumu hayo, nimetia dawa ya pamba!"

"Baba Ndama," mkewe akasema taratibu, "haya ni ya ghala la nyuma. Nimeyachota mwenyewe."

Nyati akageuka. Mlango mzima umejaa macho ya majirani. Bi Sange amekaa juu ya kinu.

"Kumbe!" Mama Ndama sauti ikapanda. "Kumbe yale ya soko ni sumu na wewe unajua! Watoto wa ng'ambo wao hawana matumbo?"

Nyati akainamisha kichwa. Hofu aliyoipata njiani ilikuwa ya kweli, na sasa aibu imeikuta humo humo.

"Yatolewe kwenye shehena," akasema.

Tembo akakohoa huko nyuma. "Ehem. Na yangu, jamani. Machache. Nyati alinigawia kopo."

"Mwenyekiti!" kilima kizima kikapiga kelele.

Waliyatoa upesi upesi, wakachimba shimo mbali na mto, wakayafukia. Nyati akaleta uwanjani mahindi ya ghala la nyuma, yale yaliyosalia.

Korongo alipotua akashangaa. "Mbona shehena ndogo?"

Wakatazamana. Bi Sange akajitokeza mbele.

"Tulikuwa na mengine yenye dawa mbaya, Bwana Korongo. Tumeyatoa wenyewe. Haya tunayala na sisi."

Korongo akachoma magunia, gunia baada ya gunia, akaruka na punje zake. Kilima kizima hakikulala vizuri mpaka majibu yalipokuja: safi! Leteni yote, na mwakani leteni zaidi. Vigelegele vilivuka mto.

Bi Sange alihamia kwenye mawe kabla ya masika, na wanawe wakalala chali, miguu juu, wakikoroma. Msimu uliofuata Bwana Nyati alibisha mlangoni kwake, kainama mpaka pembe zinagusa chini, akaomba aonyeshwe majivu yanachanganywaje.

Nanyi wanangu, shikeni hili: chakula unachoogopa kumlisha mwanao, usimuuzie mwenzio akamlishe wake.