Siku Nyati na Kifaru Walipotwanga Neno

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na majiko na wakwe kama sisi, Bi Kindi alipata ugeni. Wakwe walikuwa wanakuja jioni kumposa binti yake, na ndani hamkuwa na unga hata kiganja kimoja. Ulikuwepo mtama mzima tu. Tena kinu kilikuwa kimoja mtaa mzima, kwa Nyati.

Akajitwika kikapu, akaenda. Nyati alikuwa ameketi uani na rafiki yake Kifaru.

"Kinu changu hakiazimwi," Nyati akasema kabla hata ya salamu. "Na kwa vikono hivyo vya njiti, mchi ungeuinua vipi?"

"Kha! Kha! Kha!" Kifaru akacheka.

Kindi akatabasamu. "Sikuja kuazima, jirani. Nimekuja kuona kama mnaweza kutwanga neno. Watu wanasema hamwezi."

"Sisi? Tushindwe na neno?"

"Kila silabi pigo moja. Silabi ya pili kutoka mwisho, pigo zito. Haya: pika!"

Nyati akashika mchi, kisha akasita. "Kinu kitupu hakitwangwi. Kitapasuka."

"Loo, kweli!" Kindi akamimina mtama wake. "Pika!"

PU! pu.

"Pikia!"

PU! pu, pu.

"Umekosea! Pi-KI-a. Neno likirefuka, uzito unasogea."

"Nani kausogeza?" Kifaru akafoka. "Lete mchi huo!" Pu, PU! pu.

"Hapo sawa, bwana! Sasa, walipikiana!"

Pu, pu, pu, pu, PU! pu.

Wakapokezana mchi, jasho likiwatiririka, kila mmoja akimlaumu mwenzake. "Hawakupikiana!" Kindi akaita. Hata walipopatia, alitikisa kichwa. "Bado kidogo. Rudieni."

Alikuwa akisikiliza kinu. Mwanzoni punje zililia kre, kre. Sasa mchi ulishuka taratibu, fu, fu.

"Mmelipata!" Akachota unga laini, akajaza kikapu.

"Tumeshinda, eti?" Nyati akauliza akihema.

"Mmeshinda, jirani. Asanteni sana." Huyoo, mbio!

Kifaru akakitazama kinu kitupu, kisha vumbi la unga puani mwa mwenzake. "Nyati, ule mtama ulikuwa wa nani?"

"Nyamaza," Nyati akasema. "Nyamaza kabisa."

Jioni ile wakwe walikula ugali wakashiba, na binti akaposwa.

Ndiyo hivyo, watoto: anayetaka kila mtu aone nguvu zake, atazimaliza kwenye kazi ya mwingine.