Waya wa Kitwana na Mayai ya Bi Shinuna

Sogea. Sogea, nasema, kuta zina masikio. Niapie kwanza kwamba hili halitoki humu. Umeapa? Vizuri. Hata mimi niliapishwa na Bi Shinuna mwenyewe, na tangu asubuhi sijamwambia mtu, ila mke wa muuza mkaa, na shoga yangu wa kisimani, na sasa wewe.

Hapo zamani, zamani ya Jumatano iliyopita, Bi Shinuna alikuwa na mashine ya kuangulia, ndani mayai arubaini ya kuku wa kuchi, yamebakiza siku tatu yaanguliwe. Asubuhi kibao kinachoiongoza kikaungua. Kidogo kama kiberiti, lakini ndiyo akili ya mashine: kibao kikifa, joto limekufa, joto likifa, vifaranga wamekufa. Bi Shinuna akayafunga mayai kwa kanga, akayazungushia chupa za maji moto, akatoka uani akilia:

"Jamani, kibao kipya ninacho, lakini hakina kitu kichwani! Atakayekitia akili kabla maji hayajapoa, jogoo wangu mkubwa ni wake!"

Akaja Mwatime, binti wa fundi cherehani. Kompyuta aliyokuja nayo haikuwa na programu ya kusema na kibao. Akapanda kilimani kufuata mtandao. Akaipakua, ikakatika, akaipakua, ikakatika, akaipakua, ikakubali.

Akaja Hamdani, fundi redio. Akaiweka ile programu, akaandika maagizo ya joto, mistari na mistari, jasho likimtiririka.

Akaja Kitwana, jirani, asiyejua kitu ila utamu wa jogoo. "Mimi nina waya," akasema.

Wakaunganisha kibao na kompyuta. Kibao kikawaka taa, vigelegele! Lakini kompyuta haikioni. Wakachomoa, wakachomeka: haikioni. Wakazima, wakawasha: haikioni. Kumbe waya ule ni wa kuchajia simu tu. Unapitisha umeme, haupitishi maneno. Na Kitwana alijua! Ule mzuri kaufutika ndani ya mkono wa kanzu, angoje wenzake wakate tamaa, autoe, awe shujaa.

Katika kuhangaika, Mwatime akayasoma tena maagizo.

"Kaka Hamdani! Hapa umeiamuru ikipata joto iongeze moto, na ikipoa izime. Unaangua vifaranga au unachemsha mayai?"

Hamdani akarekebisha, hamtazami mtu.

Kitwana akakohoa. "Geukeni kidogo, nijaribu kwa dua zangu."

Wakageuka wote. Bi Shinuna hakugeuka.

"Hee! Kitwana!" Akamdaka mkono: ncha moja ya waya i kwenye kompyuta, nyingine bado imo ndani ya kanzu, na uani watu wamejaa, hata mwenye duka kaacha duka.

Ncha ya pili ikavutwa, ikachomekwa kwenye kibao. Maagizo yakaingia. Kibao kikapachikwa kwenye mashine, mashine ikaunguruma, mayai yakarudishwa kwenye joto.

"Jogoo wangu," akasema Mwatime. "Programu nimeileta mimi, kosa nimeliona mimi."

"Umeona kosa moja," akasema Hamdani, "na mistari mia iliyo sawa kaiandika bibi yako?"

"Enhe, na mimi?" akasema Kitwana, mkono bado umeshikwa. "Ningetoa waya mzuri mapema, saa hizi mngekuwa mnamenya mayai ya kuchemsha. Hila yangu ndiyo iliyowapa muda wa kusoma!"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wakatazamana.

Bi Shinuna kasimama katikati yao, mkono mmoja kashika kanzu ya Kitwana, mkono mwingine kashika jogoo, hajui aachie upi. Nawe usinikodolee macho, sema: je, jogoo yule alimstahili nani?