Jina la Mtoto Aliyevushwa Lusonga

Sogeeni karibu, na anayedhani analijua jibu alifunge mdomoni mpaka nimalize. Nawafahamu nyinyi. Mara ya mwisho nilipokisimulia kisa hiki, kwenye matanga ya Mzee Kobelo, mlianza kubishana nikiwa sijafika hata darajani. Leo mtanivumilia, kwa sababu safari hii jibu lenyewe nalihitaji kabla ya Januari.

Palikuwa na wanawake watatu, wasomi wa chuo kimoja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Dokta Zamda, mtu wa hesabu. Kipaji chake kilikuwa kuuona mtikisiko. Upepo ukiichezesha kamba ya kuanikia nguo, yeye anasimama pale, midomo inahesabu, chai inampoa mkononi, kisha anakwambia kamba ile itakatikia wapi. Mara nyingi ilikatikia palepale.

Wa pili ni Leokadia, mtu wa malighafi. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Ukimpa uzi wa katani anaunusa, anauvuta, anauuma kidogo, halafu anakwambia ulikaa juani siku ngapi. Huyu alikuwa na maneno mengi na utani mwingi, na wake zetu walimpenda mara moja.

Wa tatu ni Mhandisi Havijawa. Kipaji chake kilikuwa kukifanya kitu kisimame. Mpe mawe, mtaimbo na wanaume sita wavivu, mimi nikiwemo, na baada ya wiki kitu kimesimama na wale wanaume wanajisifu kwamba ni kazi yao.

Sasa sikieni shida yetu. Kijiji chetu cha Kitunduwe kiko upande mmoja wa mto Lusonga, na zahanati iko upande wa pili. Daraja la zamani la nyaya za chuma lilikatwa na wezi wa vyuma chakavu, wakalibeba kipande kipande. Tangu hapo, masika yakiingia na mto ukijaa, mgonjwa wetu alisubiri maji yapungue. Niliwahi kuwahesabu wajawazito waliosubiri wasifike. Nilipofika wa tano nikaacha.

Wale wanawake walikuja na utafiti wao: daraja la watembea kwa miguu litakalojengwa kwa kitu ambacho mwizi hana haja nacho. Kamba za katani. Tuliwacheka, nasema ukweli. Lakini mtu aliyezika hachagui sana msaada, tukawapa mashamba ya kupigia mahema yao.

Dokta Zamda alitumia kiangazi kizima kutupima tunavyotembea. Alilaza magogo mawili, akaweka mbao, akatupitisha mmoja mmoja, wawili wawili, kumi kumi, na kifaa chake kikiandika. Alitueleza kwamba kila daraja lina mwendo wake wa kuyumba. Watu wakilikanyaga kwa mwendo huohuo, nalo linajiunga nao, linazidi, linazidi, mpaka linajitupa. Lakini watu hawatembei hatua moja, alisema, kila mtu ana miguu yake, kwa hiyo mtikisiko wa huyu unaufuta wa yule. Akapiga hesabu zake kwa watu wa namna hiyo.

Leokadia yeye alizipika kamba. Alizichemsha kwenye mafuta mazito ya maganda ya korosho ili maji na mchwa visizile, akazikausha, akazichemsha tena. Moshi wake ulikuwa mkali, hata mbuzi walihama upande ule. Kwa miezi minne aliuvuta moshi huo, na mwisho wa kazi utani wake ukawa unakatizwa na kikohozi. Hesabu ya Zamda ilitaka kamba mbili kila upande. Leokadia akasokota ya tatu, akasema hesabu haijawahi kunyeshewa na mvua ya milimani. Zamda alinuna siku mbili, kisha akaiacha ipite.

Mhandisi Havijawa alijenga nanga, yaani pale kamba zinapofungwa kwenye ardhi. Upande wetu alipata mahali pazuri. Upande wa zahanati alitaka kuzifunga kwenye jiwe kubwa lililo juu ya ukingo, na pale ndipo walipolala wazee wa ukoo wetu. Tulimkatalia. Dada yangu Sikitu ndiye aliyesimama kwenye mkutano akasema wafu hawatafungwa kamba. Havijawa angeweza kutushitaki kwa wakubwa, na hakufanya hivyo. Alichimba kwenye udongo, akazika magogo, akapanga mawe juu yake siku arobaini. Tangu siku ile, kila alipokuja aliikagua nanga kwanza, ndipo akasalimia watu.

Daraja lilisimama. Masika ya kwanza tulivuka, ya pili tukavuka, na hakuna aliyezikwa kwa kusubiri mto. Tuliwaita mama zetu wale watatu, ingawa mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote.

Masika ya tatu, saa nane mchana, nikaitwa na Sikitu. Binti yake Mwajabu alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano. Tukamlaza kwenye machela, wanne tukabeba, wanne wakafuata nyuma kutupokea.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kwetu mgonjwa habebwi kimya. Mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, na miguu yote inashuka pamoja kwenye wimbo, ili machela isiruke na mgonjwa asiumie. Tumebeba hivyo tangu enzi za babu zetu. Dokta Zamda alitupima tukienda shambani, tukienda kisimani, tukitoka kanisani na msikitini, ila hakutuuliza tunabebaje wagonjwa. Nasi hatukumwambia. Nani anamsimulia mgeni jinsi anavyotembea?

Mwanzishaji wa nyimbo kijijini ni mimi, Kondo.

Wale wanawake walikuwepo siku ile, walikuja kupima daraja kama kila mwaka. Leokadia alikuwa kichwani mwa daraja upande wetu, amejifunika kanga, anakohoa. Aliishika kamba, akaifinya, akatuambia tupite. Zamda na Havijawa walikuwa ng'ambo. Nikaanzisha wimbo, tukaingia.

Tulipofika katikati nikahisi daraja linavutwa upande. Kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi. Mimi kwa ujinga wangu nikaona dawa ni kuimba kwa nguvu ili miguu ishikamane. Na kadiri tulivyoshikamana ndivyo lilivyotupeleka. Mwajabu alikishika kiganja changu, kucha zikaingia.

Zamda aliielewa ile hali kabla yetu sote. Alikimbia mpaka kwenye mbao za kwanza, akaita kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Kondo, nyamaza! Acheni wimbo, kila mtu akanyage ovyo!" Nikanyamaza. Tukakanyaga ovyo, kila mtu na miguu yake, na daraja likaanza kutulia. Lakini machela sasa ikawa inaruka, na kila iliporuka Mwajabu alilia. Asingetunyamazisha, tungekwenda majini watu tisa.

Kamba ya Leokadia nayo ilifanya kazi yake. Wakati ule wa kuyumba, kamba mbili za upande mto unakotokea zilipasuka nyuzi, tulizisikia zikilia. Ile ya tatu, ambayo haikuwa kwenye hesabu, ndiyo iliyotubeba mpaka tukafika. Lakini kamba zikilowa zinakuwa nzito, na uzito wa hizo za nyongeza nao ulikuwa unaivuta nanga.

Nanga ya upande wa zahanati ilikuwa inatoka. Mto ulikuwa umekula udongo chini yake, na magogo yalianza kusogea. Havijawa alishuka shimoni na mtaimbo, akauchomeka kati ya gogo na jiwe, akaulalia kwa mwili wake wote. Tulipita juu yake. Nilimwona. Aliniambia, bila kelele, "Nendeni tu, msinitazame." Mguu wa mtu wa mwisho ulipogusa nchi kavu, ukingo ukakatika, nao ukaondoka na Havijawa. Mto haujamrudisha mpaka leo.

Mtoto alizaliwa saa kumi, wa kike, mzima. Mwajabu alitokwa na damu, na kabla jua halijazama alikuwa amekwenda. Nilimuuliza muuguzi kama ni ule mtikisiko wa machela. Alinipa maji nikanawa mikono.

Basi ikabaki habari ya jina. Kwetu bibi mzaa mama ndiye anayempa mtoto jina, siku kitovu kinapodondoka, na jina analopewa ni la mtu mmoja. Mtu huyo anakuwa somo yake. Somo akiwa hai, mtoto ni wake kama alivyo wa mamaye. Akiwa amekufa, mtoto ndiye anayemwombea na kumkumbuka. Jina la mama aliyekufa akizaa halitolewi, maana utakuwa unamwita marehemu kila ukimtuma mtoto chumvi. Wala hayaunganishwi majina matatu. Sikitu alisema mjukuu wake si mtaa wa kukaa watu watatu.

Kitovu kilidondoka siku ya nane. Watu wakakusanyika.

Mama yake Havijawa alikuwa amefika kutoka Korogwe kuchukua maiti ambayo haikuwepo. Alikaa kwenye mkeka siku zote hizo bila kuomba kitu. Siku ile akasema, "Kaburi sina. Nipeni basi jina nipate pa kuliita."

Leokadia naye akasema daktari amemwambia kifua hakitapona, na kuzaa hakuzaa. Hakulia. Alisema tu kwamba ile kamba ya tatu aliisokota kwa mikono yake, na angependa kitu kimoja cha mikono hiyo kibaki duniani kikiitwa Leokadia.

Dokta Zamda hakuomba. Alisema, "Mimi niliwapima wote nikasahau kuwauliza. Msimpe jina langu." Hapo mkunga akamjibu kwamba kama si sauti yake kusingekuwa na mtoto wa kupewa jina, na kwamba mtu anayekiri kosa lake mbele ya wafiwa ndiye somo anayefaa kumlea mtoto. Wengi wakaguna kukubali. Wengine wakasema hesabu ndiyo iliyomuua Mwajabu. Mmoja akasema ni kamba nzito. Hakuna aliyesema ni lile jiwe tulilomnyima Havijawa, ila wote tulikuwa tunatazama chini.

Sikitu alimtazama mjukuu wake mpaka mchana ukapita. Kisha akamfunika, akaingia ndani, na jina hakulitoa.

Siku ya tisa tulikwenda wenyewe kwa watu wa chuo, tukawaambia jiwe la wazee tumelitoa. Kamba mpya zimefungwa pale sasa, mbili kila upande, na kwenye kibao cha darajani pameandikwa kwamba ni marufuku kuimba. Dokta Zamda aliandika makala ya wasomi kuhusu daraja letu, akaniletea nakala. Kuna mchoro wenye mstari unaopanda na kushuka. Aliniwekea kidole pale unapopanda kuliko pote, nami nikajua ndipo Mwajabu aliponishika. Alama za kucha ninazo bado, mwenye kutaka aje azione.

Imepita miaka sita. Kadi ya kliniki imeandikwa Mtoto wa Mwajabu, basi. Leokadia yuko hai, ila kifua hakimruhusu tena kupanda kilima chetu. Mama yake Havijawa anakuja kila masika, anakaa ukingoni siku moja, anarudi kwao. Dokta Zamda anakuja na madaftari na nguo, na akifika anamwita yule mtoto "wewe", kwa sababu anaogopa kumwita kitu kingine.

Mwezi wa tatu mwaka huu Sikitu naye akafariki. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilimwomba aniambie jina, akatikisa kichwa. Akasema, "Kondo, wimbo ulianzisha wewe. Umalizie." Ndivyo mzigo ulivyonihamia, mimi ambaye sijafungua mdomo kuimba tangu siku ile.

Januari mtoto anaanza shule, na mwalimu amesema hawezi kuandika "Mtoto" kwenye rejista. Juzi tukiwa tunachambua maharage aliniuliza, "Babu, wenzangu wote wanaitwa. Mimi lini?" Nikamwambia aendelee kuchambua maharage.

Kwa hiyo nawauliza nyinyi mliojaa ubishi. Aitwe Zamda, aliyeliona kosa lake kwa wakati na akatunyamazisha? Aitwe Leokadia, aliyetoa kamba ya tatu na pumzi zake? Au aitwe Havijawa, tuliyempa udongo badala ya jiwe, naye akaulalia ili sisi tupite? Mmoja tu, na wawili wabaki hivyo hivyo.

Semeni polepole, yuko nyuma ya mlango huu na anasikia. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, tuanze na wewe: kama ni wewe wa kumwita, ungemwitaje?