Umbo la Mwisho la Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bwawa lenye ukungu, maji yake yanang'aa mchana kweupe.

Tupe tunywe!

Hapo zamani mito yote ilikauka, likabaki bwawa moja tu. Ndani yake alilala Kiboko. Maji yote yalikuwa yake, hata umande ulikuwa wake. Siku moja alipumua, vuu! kilima kikavunjika.

Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini asiye hata na mkia, alikuwa na watoto wawili. Ndimi zao zilikuwa zimekauka, hawawezi hata kulia. Roho ikamuuma sana. Akawabeba mgongoni, akaenda bwawani, na wanyama wote wenye kiu wakamfuata.

"Shikamoo, Babu Kiboko."

"Marahaba. Rudi ulikotoka! Hukusikia habari za kilima?"

"Nilisikia, Babu. Ila watu wanasema hilo ni umbo lako la kushindia nyumbani."

Kiboko akatabasamu. Alipenda sifa kuliko majani mabichi. "Wamesema kweli! Ninalo la pili, nguvu zake maradufu. Inamisheni vichwa, navaa!"

Maana nchi ile ilikuwa na adabu zake: mkubwa akivaa, wadogo huinamisha vichwa mpaka amalize.

Kiboko akafumba macho. Ukungu wa bwawa ukapanda kumvisha, ng'aa, ng'aa, ng'aa! Nyota zikatokea mchana, zikaelea polepole, na hewa ikanukia mvua ya zamani. Wanyama wakainamisha vichwa. Wakaviinamisha wapi? Majini! Gu-gu-gu!

Kiboko akatokea ana pembe. Akapiga mti, pu! Mti ukaanguka.

"Makubwa!" akasema Pimbi. "Na hilo ndilo la mwisho?"

"La mwisho? Thubutu! Inamisheni vichwa, navaa!"

Ng'aa, ng'aa, ng'aa! Gu-gu-gu!

Akatokea ana mabawa. Akapiga kichuguu, pu! Kikapata ufa.

"Bibi, ngoja! Maradufu ya maradufu, mbona kilima kimekuwa kichuguu?"

Wewe mjukuu wangu Mashavu, nyamaza nisimulie! Nguvu za Kiboko zilikuwa yale maji, na maji yanakwisha. Yeye atajuaje? Kila akifumbua macho anajitazama mabawa.

"Na hilo ndilo la mwisho, Babu?"

"Bado! Inamisheni vichwa, navaa!"

Ng'aa, ng'aa, ng'aa! Gu-gu-gu, mpaka tope likaonekana. Wanyama wakashiba maji ya kuwafikisha masika. Watoto wa Pimbi wakacheua, wakacheka.

Nyota zikazimika. Juu ya tope alisimama Kiboko mweupe, anameremeta, mzuri ajabu, mdogo kama yai la njiwa.

"Tetemekeni!" akasema, akapiga uyoga, ti! Uyoga ukatikisika kidogo.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja wa Pimbi akamtazama, akasema, "Mama, huyu mtoto naye ana kiu."

Pimbi akachota tone lililobaki, akamnywesha taratibu.

"Hili si umbo langu la mwisho," Kiboko akanong'ona.

"Najua, Babu," akasema Pimbi. "Kunywa."

Funzo lake, wajukuu zangu: umbo la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko yote, na mkubwa akivaa, inamisheni vichwa. Adabu ina faida.

Hadithi yangu imekunywa, imeshiba, sasa inasinzia. Mwenye kiu akainamishe kichwa kwa mwingine.