Bwana wa Kutoka Arlen

Palikuwa na ukoo mmoja huko Uswisi, nchi ya milima na jibini, ukoo uliojiona hadi ukapitiliza. Wakijiita von Arlen. Hiyo "von" itamkeni "fon", tena mbinue na midomo kidogo, maana ndivyo wenyewe walivyopenda. Kwa lugha yao ni neno dogo tu, lakini kwa watu wale lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Usipokuwa nalo, hata salamu yako haijibiwi.

Arlen ni mlima. Wa kwanza wao alikuwa akichunga mbuzi huko juu. Baridi ikamchosha, akashuka mjini na ngozi kadhaa mgongoni, akawa fundi viatu. Mwanawe akauza vitambaa. Mjukuu akapata kiti katika baraza la mji, na kiti chenyewe kikawa cha urithi, kama vile kimeota mizizi matakoni mwao. Waliofuata wakawakodisha vijana wa watu kwa wafalme wa nje wakapigane vita, wao wakabaki nyumbani wakichorwa picha. Karne zikaenda, picha zikajaa ukutani, na habari ya mbuzi hakuna aliyeigusa tena.

Mwisho wa foleni akaja Bwana Sigismund. Tumbo mbele, nywele za bandia juu, na pua haijui kutazama chini. Siku moja akaamka na jambo lake.

"Nautaka mlima wa babu zangu! Nitajenga kasri la kuwindia. Wote wanaokaa huko washuke kabla theluji haijaanguka."

Hao "wote" walikuwa Verena na mama yake. Verena alikuwa mjane, mfuga ng'ombe, mwanamke wa ulimi mkali. Pale mlimani alizaliwa, pale alimzika mumewe, na mama yake hakuweza hata kuinuka kitandani. Washuke waende wapi? Verena alilia, jamani. Msidhani watu wa ulimi mkali hawalii. Alilia mpaka ng'ombe wakamshangaa. Kisha akajifuta uso, akashuka zake mjini kwenye baraza.

Siku hiyo baraza lilijaa. Si mnajua watu wanavyopenda kesi isiyokuwa yao? Mkuu wa baraza, Mzee Anselm, akauliza:

"Bwana Sigismund, ushahidi wako ni upi?"

"Jina langu! Von Arlen. Unataka shahidi gani tena?"

"Jina tu?"

"Jina tu! Naapa kwa babu zangu wote walioko ukutani, jina ndilo liamue. Litakalosema, nitalikubali mbele ya mji mzima."

Mzee Anselm akamgeukia mjane. "Na wewe, Verena, unasemaje?"

"Nami nakubali. Jina liamue."

Lo! Watu wakashika vichwa. Mama wa watu kajimaliza mwenyewe! Bwana Sigismund akacheka mpaka nywele za bandia zikahamia sikioni.

"Ila, Bwana Mkubwa," akasema Verena, "niwie radhi. Hiyo von maana yake nini?"

"Hujui lugha yako mwenyewe?"

"Naijua. Ila kinywani mwangu inanuka maziwa. Nataka kuisikia kwa muungwana."

Sifa hizo, ndugu zangu! Bwana akavimba.

"Von ni kutoka! Von Arlen, maana yake wa kutoka Arlen."

"Kutoka?"

"Kutoka!"

"Sema kwa nguvu kidogo, Bwana, wazee wengine masikio yamechoka."

"KUTOKA!" Madirisha yakatikisika.

"Mashallah, sauti unayo. Na babu yako wa kwanza naye alikuwa wa kutoka Arlen?"

"Ndiyo."

"Na mwanawe?"

"Wa kutoka Arlen! Na mjukuu, na kitukuu, na mimi hapa! Ukoo mzima, karne kwa karne!"

"Mmetoka wote?"

"Wote!"

"Hakubaki hata mmoja huko juu, mgonjwa mgonjwa hivi, au mvivu?"

"Abaki afanye nini? Akamue mbuzi? Ukoo wangu wewe unauonaje?"

"Nauona umetoka, Bwana. Na wewe mwenyewe, umewahi kufika huko?"

"Mimi? Nipande kile kilima kwa miguu yangu? Una wazimu!"

Watu wakaanza kukohoa, mnajua kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Mzee Anselm akagonga meza. Bwana Sigismund akaona anacheleweshwa, hamaki zikampanda.

"Maneno yatosha! Tulisema jina liamue. Haya, na wewe jina lako nani?"

"Verena."

"Verena von nani?"

"Verena tu."

"Verena tu! Mmemsikia, wazee? Hana von! Wala mama yake hana, wala bibi yake hakuwa nayo! Ukoo gani huu, tangu dunia iumbwe hakuna hata mmoja aliyekuwa wa kutoka popote?"

"Hakuna, Bwana."

"Rudia wakusikie!"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi kesi imekwisha!" akasema Bwana Sigismund, akaziweka sawa nywele zake. "Mzee Anselm, tamka hukumu."

"Nisaidie, Mzee," akasema Verena, akijifunga mtandio tayari kwa safari ya kurudi juu. "Sisi ni watu ambao hatujatoka, nasi tumo. Yeye ni wa kutoka, na kaapa mwenyewe kwamba jina ndilo liamue. Sasa Mzee, unangoja nini? Mfungulie Bwana mlango."