Mkawasi, Aliyekataa Bao la Nduguye

Tulieni, enyi watu wa mpira wa magongo, hata anayefunga viatu asubiri kidogo. Katika zama za waliotutangulia, uwanja wetu ulipokuwa vumbi tupu na chama chetu karatasi chache ndani ya sanduku, alizaliwa huko mlimani Ighanga Mkawasi binti Mwadime, mjukuu wa Mghoi mfua majembe, mwanamke wa miraba minne, Macho ya Mwewe, Filimbi Isiyobembelezwa.

Alipoomba urefa, wanaume walimcheka. Walicheka mpaka filimbi yake ilipolia mara ya kwanza, na vijogoo wote wa uwanja wakasimama kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Kisha ikaja fainali iliyompima. Ighanga, timu ya kwao, haikuwa imetwaa kombe tangu iundwe. Dakika ya mwisho mdogo wake, Mwakio, aliuchapa mpira ukagonga ubao wa goli, na mlima mzima ukalipuka kwa vigelegele. Lakini Mkawasi alikuwa ameona: mpira ulipigwa nje ya nusu duara iliyo mbele ya goli, upana wa kiganja tu, na kwetu bao la namna hiyo si bao. Moyo ulimuuma, maana yeye ndiye aliyembeba Mwakio mgongoni tangu kijana huyo akiwa mchanga. Akapuliza, akatamka:

“Hakuna bao!”

“Dada, wallahi nilikuwa ndani!” Mwakio akaapa mbele ya umati.

Kombe likaenda kwa wageni, na tangu siku ile nduguye hakukanyaga tena nyumbani kwake.

Miaka ikapita, chama kikasambaratika kwa ugomvi. Klabu zilipokutana kutafuta mwenyekiti, zilimtaja yeye, kwa kuwa kila moja ilikuwa imelia kwa filimbi yake na hakuna iliyowahi kupendelewa. Kura ilipopigwa, mkono wa Mwakio pekee, aliyeiwakilisha Ighanga, haukuinuka. Mkawasi aliuona, akameza uchungu, akaenda kazini. Alibisha milango ya wakubwa hadi wakamchoka wakampa alichotaka. Klabu nne zikawa arobaini, mabinti wakapata ligi yao, vumbi likawa nyasi.

Alipofariki tulimzika kwa magongo yaliyoinuliwa juu. Mwakio, kichwa kimejaa mvi, akasogea kaburini na kusema kwa sauti iliyofika barabarani:

“Dada, nilikuwa nje. Nilijua tangu siku ile.”

Hadi leo, mchezaji wa kwetu akifunga kutoka nje ya nusu duara, huinua gongo lake mwenyewe kukiri si bao, kabla refa hajapuliza. Wageni hutushangaa. Sisi tunajua tumetoka kwa nani.